Reli Yetu Ndogo Ianze kwa Njia Nyembamba

Kaka zetu waliomaliza masomo katika shule hii wametuandikia ya kwamba wanataka kukipa chama chetu cha ufundi zawadi ya gari la moshi la mfano kutoka Ulaya, lenye kwenda kwa umeme, pamoja na reli yake ya mviringo na transfoma yake. Wanauliza kama twalitaka, na jibu latakiwa kabla ya likizo. Wengi katika chama wamekwisha kusema ndiyo, tena kwa makofi. Mimi ni mmoja wa wachache waliosema tungoje kidogo. Kwa kuwa mkutanoni nafasi ya kusema ilikuwa fupi, namwomba Bwana Mhariri aniruhusu nieleze hapa sababu zangu, na kitu ambacho ningependa kaka zetu watupe badala yake.

Nisieleweke kwamba nakataa reli. Reli naitaka kuliko wengi wao. Hapa Minago twajua mitumbwi, twajua taa za wavuvi wa ndagala usiku, twajua malori ya mawese yanayopita barabara ya Rumonge kwenda Bujumbura; lakini ukiwauliza wanafunzi mia moja ni nani amepata kukanyaga taruma la reli, sidhani watano watainua mkono. Nchi yetu haina reli ya abiria wala ya mizigo. Mwaka 1914 Wajerumani walianza kujenga njia ya kutoka Tabora kuelekea upande wa Ruanda, vita vikaikatisha, na habari ikaishia hapo kwa muda wa zaidi ya miaka mia.

Sasa habari imeanza tena. Mwezi wa Januari 2025 Tanzania na Burundi zilitia sahihi mkataba wa kujenga reli ya kutoka Uvinza hadi Musongati, kilometa 280 hivi, na mwezi wa Agosti mwaka huo huo kazi ilizinduliwa Musongati kwenyewe. Reli hiyo ni ya upana wa milimita 1,435. Ndiyo sababu wenzangu husema, “Kama reli inayokuja ni pana na ya kisasa, kwa nini sisi tujifunze ile nyembamba ya babu zetu?” Swali hili ni zuri, wala si la kudharauliwa. Nitalijibu, lakini kwanza yafaa tujue nyembamba ni nini.

Upana wa reli hupimwa baina ya nyuso za ndani za vyuma viwili. Ukifuata ufuko wetu huu huu kuelekea kusini, ukavuka mpaka, utafika Kigoma, na hapo utaikuta reli ya upana wa mita moja kamili. Ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912, na mwanzo wa mwaka 1914 ikalifikia ziwa, baada ya mwendo wa kilometa 1,250 hivi. Ile meli tunayoiita Liemba ilipita juu ya reli hiyo kabla ya kupita juu ya maji: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Kigoma na kuunganishwa upya, ikashushwa majini mwaka 1915. Halafu mwaka 1921 Ubelgiji ilipatana na Uingereza ipewe sehemu za bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa ajili ya mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi. Kwa miaka mingi kahawa yetu ilipakiwa melini Bujumbura, ikapakuliwa Kigoma, ikaingia behewani, ikaenda baharini. Kwa hiyo mtu asiseme reli nyembamba si yetu. Mkulima wa Ngozi hakuiona kwa macho, lakini kahawa yake ilipanda.

Ng'ambo ya pili ya ziwa, Kalemie, ipo reli nyingine, iliyofika pale mwaka 1915. Nayo ilianza kwa mita moja, lakini katika miaka ya 1950 ilibadilishwa ikawa milimita 1,067, ilingane na reli nyingine za Kongo. Tazameni basi: stesheni mbili zinakabiliana juu ya ziwa moja, na tofauti ya njia zao ni milimita 67, vidole vinne vya mtu mwembamba. Kwa ajili ya vidole hivyo vinne, behewa la Kigoma hata likivushwa kwa meli haliwezi kutembea Kalemie. Mwenye kuelewa jambo hili ameelewa kwa nini wakubwa hubishana sana juu ya upana wa reli kabla ya kulaza hata taruma moja.

Nikirudi kwa swali la wenzangu: je, nyembamba ni ya zamani na pana ni ya maendeleo? Sivyo. Katika Uswisi, kampuni ya Rhätische Bahn ina treni za umeme zinazopanda milima mikubwa hadi kimo cha mita 2,253 juu ya usawa wa bahari, na njia yake ni mita moja, sawasawa na ya Kigoma. Mwezi wa Oktoba 2022 kampuni hiyo iliunganisha mabehewa 100 kuwa treni moja ya abiria yenye urefu wa kilometa 1.9, ndefu kuliko zote duniani, ikaiteremsha mlimani kwa kona zake zote. Watu hao si maskini, nao hawakukosa habari za reli pana. Walichagua nyembamba kwa sababu ya milima.

Na sababu yenyewe yaweza kuhesabiwa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Gurudumu la treni limekazwa kwenye ekseli yake. La kushoto na la kulia huzunguka pamoja, hayafanyi kama ya motokaa. Treni ikizunguka duara zima, chuma cha nje ni kirefu kuliko cha ndani. Kwa kiasi gani? Mtu atadhani yategemea ukubwa wa duara. La. Chukua upana wa njia, uzidishe kwa mbili, kisha kwa pai. Reli ya mita moja, tofauti ni mita 6 na sentimita 28. Reli ya milimita 1,435, tofauti ni mita 9 na kidogo. Duara liwe la kuzunguka uwanja wetu wa mpira au la kuzunguka Ziwa Tanganyika lote, jibu ni lile lile. Tofauti hiyo lazima ilipwe na magurudumu kwa kuteleza, au kwa kuwa na umbo lililochongoka kidogo upande wa nje, na njia nyembamba inalo deni dogo zaidi la kulipa. Basi yaweza kukunja kona kali, kuuzunguka mlima badala ya kuutoboa, na tuta lake lachukua udongo mchache.

Haya yote nimeyasema ili nifike kwenye meza yetu. Maana chumba tulichopewa, kile cha nyuma ya stoo ya majembe, ni kidogo. Meza haiwezi kuzidi mita 3 na nusu. Treni ya Ulaya wanayotaka kutuletea ina njia ya milimita 16 na nusu, yaani 1,435 ikigawanywa kwa 87. Ni nzuri, sikatai. Itawekwa mezani, itazunguka, tutaipigia makofi, itazunguka tena. Juma la pili itazunguka mbele ya watu watatu. Juma la tatu mtu ataidondosha, na kuanzia hapo itafungiwa kabatini isije ikaharibika zaidi. Siwazii tu. Katika shule moja niijuayo ipo hadubini iliyotolewa zawadi, imekaa ndani ya kabati la kioo, na wanafunzi huisalimu kila siku ya wageni.

Ninachopendekeza ni hiki: tutengeneze wenyewe reli ya mita moja, kwa kipimo cha 1 kwa 20. Njia itakuwa sentimita 5 kamili. Mtu wa mita 1.70 atakuwa na sentimita 8 na nusu. Behewa fupi la magurudumu manne, tuseme la mita 6, litakuwa na sentimita 30, ukubwa wa kuweza kushikwa na kutazamwa hata na wale wa mwaka wa kwanza wenye mikono mizito. Nyuzi mbili zikilazwa kwa duara, moja ya nje na moja ya ndani ya njia hiyo, zitaonyesha tofauti ya sentimita 31 na nusu hivi, na atakayebisha juu ya pai aje na rula.

Tusithubutu kufanya njia nzima ya kutoka Kigoma. Kwa kipimo chetu kilometa 1 huwa mita 50, na njia yote hadi Dar es Salaam ingetaka kilometa 62 na nusu, karibu mwendo wa kutoka Bujumbura hadi Rumonge. Tufanye mahali pamoja tu: gati la Kigoma. Upande mmoja maji, na meli ya mbao iliyofungwa. Katikati winchi na ghala. Na njia tatu za reli. Hakuna mviringo. Treni haizunguki, ina kazi.

Na kazi hiyo ndiyo raha yake. Njia kuu yagawanyika mara mbili. Yenyewe yaweza kusimamisha mabehewa matatu, na kila njia ya pembeni mawili. Upande wa pili, pale injini inapojivuta nyuma, nafasi ni ya injini na mabehewa mawili, haizidi hata kwa inchi. Mabehewa ni matano: la kahawa, la chumvi ya Uvinza, la saruji, la mafuta na la samaki wakavu. Mwenzako achukue karatasi tatu ndani ya kofia, moja moja, aseme, “Mkuu wa stesheni, nataka chumvi mbele, kisha kahawa, kisha saruji.” Nawe kwa kuvuta na kusukuma tu, bila kunyanyua kitu kwa mkono, upange treni hiyo kwenye njia kuu. Mipango iwezekanayo ni 5 mara 4 mara 3, yaani 60. Mwingereza mmoja, Alan Wright, ndiye aliyebuni mchezo huu, naye alitumia mabehewa manane na treni ya matano, na hapo mipango yafika 6,720. Nimejaribu ule mdogo kwa vibiriti juu ya kitanda changu, na nawaambia ya kwamba ni mgumu kuliko bao kwa mtu asiye na subira.

Sasa ufundi. Chuma cha reli tutatumia nondo nyembamba za milimita 6, zile ambazo waashi hukunja pete za nguzo. Vipande vyake hutupwa ovyo penye kila jengo. Zisiachwe na kutu, kwa maana unyevu wa ziwa hauna huruma, lakini mtu asije akapaka mawese: yataganda, na vumbi litashika. Mataruma tutayachonga kwa mbao za masanduku. (Reli nyingi za Afrika Mashariki zilitumia mataruma ya chuma kwa ajili ya mchwa. Chumbani mwetu nao wamo, kwa hiyo mbao zipakwe oili chafu.) Ekseli ni spoki za baiskeli. Gurudumu ni kisahani cha mbao ngumu, na nyuma yake kisahani kikubwa kidogo cha bati kilichogongwa, ndicho ukingo wa kulizuia lisitoke njiani. Wako watakaocheka magurudumu ya mbao. Waende Goma watazame chukudu zinazobeba magunia ya viazi.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni uzito. Ukipunguza kitu mara 20 kwa urefu, na 20 kwa upana, na 20 kwa kimo, uzito wake wapungua mara 8,000. Behewa la tani 16 pamoja na shehena yake lapaswa kuwa na kilo 2. Letu la bati na mbao labda litafika nusu kilo, nalo litaruka kwenye kila kiungo kama panzi. Kwa hiyo tutatia mchanga ndani mpaka mizani iseme kilo 2, na hapo mtaona linavyotulia. Hakuna treni ya dukani itakayomfundisha mtu hivyo, kwa sababu kiwandani wamekwisha kuifanya kazi hiyo kwa siri.

Injini ianze kwa mkono. Ndiyo, kwa mkono, kama watoto wanavyosukuma magari ya makopo kwa kijiti. Njia ikiwa sawa, na mabehewa yakiwa hayaanguki, ndipo tutie mota iliyotolewa katika redio ya kaseti iliyokufa, na betri ya taa ya jua ikae ndani ya injini yenyewe. Umeme wetu hukatika wakati wowote, na transfoma nzuri ya Ulaya hukatika pamoja nao.

Hoja ya nguvu kuliko zote ya wenzangu ni hii: ya kwamba tutashindwa. Magurudumu yatapinda, njia itakuwa pana hapa na nyembamba pale, behewa litaanguka, watu watakata tamaa, na chama kitakufa. Yawezekana. Dawa yake ya kwanza ni kipande cha mbao kilichokatwa sentimita 5 sawasawa, kinachopitishwa kati ya vyuma kabla ya kila msumari; mafundi wa reli halisi nao wana kipimo cha namna hiyo hiyo, hawategemei jicho. Na behewa likianguka, tutaitafuta sababu mpaka tuione. Hiyo kutafuta sababu ndiyo ninayoitaka. Reli ya kutoka Mombasa ilipojengwa, tangu 1896 hadi ilipofika Kisumu 1901, wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India. Musongati nako watakuja wageni wenye ujuzi, na ni haki waje, maana sisi hatujui. Lakini baada ya miaka michache watatakiwa watu wa kukagua njia, wa kupanga mabehewa, wa kupima kona. Ningependa mmoja wao awe ametoka katika chumba cha nyuma ya stoo ya majembe.

Katika neno moja niko tayari kushindwa. Mwaka 1968 kampuni ya Lehmann ya Ujerumani ilianza kuuza treni za mfano zinazoitwa LGB, ambazo njia yake ni milimita 45, nayo ni mfano wa hiyo hiyo reli ya mita moja, kwa kugawa 22 na nusu. Kama chama kitaona afadhali njia yetu iwe milimita 45, ili siku moja tuweze kupata magurudumu ya chuma ya dukani, sitapiga kelele. Nitasikitikia tu wadogo zetu watakaogawa kila kitu kwa 22 na nusu.

Basi, kaka zetu, msinunue treni. Fedha hizo tununulieni misumeno miwili midogo, chuma cha kulehemu na risasi yake, mizani, na drili ya mkono. Kitakachobaki kiwe cha misumari. Na wale mlioko Kigoma kwa biashara, nawaombeni msaada usiotaka senti hata moja. Nendeni bandarini, mwombe ruhusa kwa wakuu wa pale, mpime kwa futi ya fundi: urefu wa behewa fupi mtakaloliona, kimo cha sakafu yake kutoka kwenye reli, na nafasi kati ya njia moja na ya pili kandokando ya gati. Mkipata pia upana wa mlango wa ghala, mtatuandikia. Mbao za meza zimekwisha kukatwa, na twangoja vipimo hivyo kabla ya kupiga msumari wa kwanza.